Nani Huamua Pesa Ije au Ikimbie? Majibu Kutoka Pemba

Tarehe 15 Januari 1998, mjini Jakarta, Rais Suharto wa Indonesia aliinama mezani akatia saini barua ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Mkuu wa shirika hilo, Michel Camdessus, alisimama kando yake, mikono kaikunja kifuani, na picha ile ikazunguka dunia nzima. Walioitazama picha walikuwa wengi kuliko walioisoma barua. Ndani yake mlikuwa na sharti la karafuu: BPPC, chombo cha ukiritimba kilichokuwa mikononi mwa Tommy Suharto, mtoto wa rais, kinyang'anywe mamlaka ya kuwa mnunuzi pekee.

Nje ya Indonesia yenyewe, sharti lile lilikuwa na uzito Pemba, kisiwa cha karafuu cha Zanzibar, kuliko karibu popote. Waindonesia ndio walaji wakubwa wa karafuu duniani. Huichanganya na tumbaku kutengeneza sigara za kretek. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukiritimba ule ulikuwa umewavunja moyo wakulima wa kule, hata wengi wakaitelekeza mikarafuu na wengine wakaikata. Ulipoondoka, karafuu haikuwepo ya kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya dunia ikapaa, kisha ikaanguka tena.

Fuata mnyororo huo kutoka mwanzo. Julai 1997 Thailand ilishindwa kuishikilia sarafu yake, baht. Wenye fedha wakaingiwa na hofu, wakaanza kuzihamisha dola zao hata kutoka nchi jirani. Rupia ya Indonesia, iliyokuwa kama 2,400 kwa dola moja, ikavuka 10,000 kufikia Januari 1998. Serikali ikaenda kuomba mkopo, mkopo ukaja na masharti, na sharti moja likagusa karafuu. Mkulima wa Konde, Pemba, hajapata kununua hisa wala kusikia habari za baht, lakini mfuko wake uliguswa.

Basi nini hasa huifanya pesa ya nje imiminike kupita kiasi katika nchi changa, kisha ikauke ghafla au ikimbie? Wataalamu wana majibu ya aina mbili. Wapo wanaosema pesa husukumwa: riba ikishuka Marekani, wenye fedha hutafuta faida pahala pengine, ikipanda, hurejea kwao. Guillermo Calvo, Leonardo Leiderman na Carmen Reinhart walilieleza hilo mwaka 1993, walipochunguza fedha zilizokuwa zikimiminika Amerika ya Kilatini. Wengine husema pesa huvutwa na mambo ya nyumbani: sera, ukuaji wa uchumi, utulivu. Mwaka 2012 Kristin Forbes na Francis Warnock walichapisha utafiti wa nchi zaidi ya 50 kuanzia mwaka 1980, wakayagawa matukio makubwa mafungu manne: wageni kumimina, wageni kusita ghafla, wenyeji kutorosha, na wenyeji kurudisha. Walikuta kwamba kinachoambatana zaidi na matukio hayo ni hofu ya masoko ya dunia. Sheria za kuzuia mitaji kuvuka mipaka hazikuonekana kuleta tofauti kubwa.

Nakubaliana nao nusu ya njia. Pemba ni kisiwa kilichoishi kwa zao moja la kuuzwa nje kwa zaidi ya karne, na historia yake inaonesha kwamba dunia huamua lini wimbi lije na lini lirudi. Nani afaidi, nani alipe, na kiasi gani kipite mlango wa nyuma ni mambo yanayoamuliwa nyumbani. Na kinachoyaamua hayo, mara nyingi kuliko kingine chochote, ni pengo baina ya bei inayotangazwa na bei ya kweli.

Mkopo uliopanda mikarafuu

Wimbi la kwanza kubwa la mtaji kuingia visiwani halikuletwa na benki. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 bei ya karafuu ilikuwa juu, kwa kuwa Waholanzi walikuwa wameibana biashara yake kule Maluku. Sultani Seyyid Said akaona fursa, na mashamba ya mikarafuu yakaenea Unguja na Pemba kwa jasho la watumwa. Mwaka 1833 akafunga mkataba na Marekani, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakawa wageni wa kila msimu. Ushuru wa forodha alimkodisha Jairam Shivji, tajiri wa Kibaniani mwenye asili ya Kutch, ambaye nyumba yake ya biashara iligeuka kuwa benki ya dola nzima. Mtaji wa Kutch na Bombay ukashuka bandarini, ukafika kwa wenye mashamba kwa njia ya mkopo, nao wakalipa kwa mavuno.

Miti ilipokomaa, karafuu ikajaa sokoni na bei ikaporomoka. Wenye mashamba wakabaki na madeni. Aprili 1872 kimbunga kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Bei ikapanda, na wakopeshaji wakageuza macho upande wa Pemba, ambayo tangu hapo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar.

Namna mkopo ule ulivyofungwa inafaa kutazamwa kwa karibu. Kwa kuwa riba ni haramu, watu walitumia bei khiyari. Mwenye shamba aliliuza shamba lake kwa, tuseme, riale 500, akibakiwa na khiyari ya kulikomboa kwa fedha ileile ndani ya miaka mitatu. Hapohapo alilikodi kutoka kwa yule aliyemuuzia, kwa riale 75 kila mwaka. Kwenye karatasi palikuwa na mauzo na kodi. Kwenye hesabu palikuwa na mkopo wa asilimia 15. Msimu ukiwa mzuri, mwenye shamba alilipa kodi na pengine akakomboa. Misimu miwili mibaya ikifuatana, muda ulikwisha, na shamba likabaki kwa mkopeshaji. Mtaji uliingia kwa urahisi kwa sababu dhamana yake ilikuwa ardhi, na hatari yote ya bei ilimwangukia aliyekopa.

Bei za dunia zilipoanguka katika mdororo wa miaka ya 1930, mfumo huo ulifika ukingoni. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria za kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isichukuliwe kwa madeni, ikakipa nguvu Chama cha Wakulima wa Karafuu, maarufu kwa kifupi cha CGA. Mwaka 1937 CGA ilipopewa udhibiti wa biashara yenyewe, Wahindi wa Zanzibar waligoma, na chama cha Congress huko India kikawahimiza watu wao wasinunue karafuu ya Zanzibar. India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa, na ndiko ulikotoka mtaji wa mikopo. Mkopo na soko vikafungwa kwa pamoja, na mwaka 1938 serikali ikalazimika kulegeza kamba.

Hofu ya masoko ya dunia siyo iliyoleta hayo ya 1937. Fedha zilikatika kwa sababu anayekopesha na anayenunua walikuwa kundi moja, na kundi hilo lilikasirishwa. Utegemezi wa namna hiyo haukuishia hapo. Miongo minne baadaye nafasi ya India ilikuwa imeshikwa na Indonesia.

Miti haikimbii

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, matajiri wengi waliondoka na kile kinachobebeka: dhahabu, fedha taslimu, ujuzi, na anwani za wateja wao. Mikarafuu ilibaki. Ardhi ilitaifishwa, ikagawiwa wananchi eka tatu tatu, na karafuu yote ikawa haiuzwi ila kwa serikali, ambayo baadaye ilinunua kupitia Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC).

Kisha bahati ikaja kutoka mashariki. Viwanda vya kretek vilikuwa vikipanuka, na katika miaka ya 1970 karafuu ikatia fora. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tani moja ilifika karibu dola 9,000. Ulikuwa mmiminiko wa dola ambao visiwa hivi havijapata kuuona tena kutoka shambani. Ukitaka ushahidi, tazama majumba ya ghorofa ya Michenzani kule Unguja, na yale ya Chake Chake, Wete na Mkoani.

Aliyepanda ngazi na kushuka na pakacha hakuyaona mengi ya hayo. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa sehemu ndogo sana ya ile iliyolipwa bandarini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Rais wa Zanzibar, Mzee Abeid Amani Karume, ilikuwa na akiba nono ya fedha za kigeni iliyowekwa nje ya nchi, na katika kipindi hichohicho vyakula vya kuagizwa viliadimika madukani. Wazee wa Pemba wanaikumbuka kama miaka ya njaa. Kwa lugha ya mafungu manne niliyoyataja, ule ulikuwa mtaji wa wenyeji uliohamishiwa nje, ila mhamishaji alikuwa dola yenyewe.

Wananchi nao walihamisha wa kwao. Kutoka ncha ya kaskazini ya Pemba hadi pwani ya Kenya ni safari ya usiku mmoja kwa mashua. Karafuu iliyokaushwa juani kwa siku nne au tano juu ya majamvi ilifungwa ndani ya magunia, ikateremshwa usiku hadi kwenye vihori vya mikoko, ikavushwa hadi Shimoni, Vanga au Mombasa. Iliyorudi ilikuwa shilingi ya Kenya, au vitenge, sabuni, redio na baiskeli. Serikali ilijibu kwa ukali: adhabu ya magendo ya karafuu ilifikishwa hadi kifo, na Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo (KMKM) kikawekwa kulinda bahari. Magendo hayakwisha.

Hayakwisha kwa sababu pengo lilikuwa na matabaka mawili. La kwanza ni bei: shirika lilimlipa mkulima kiasi fulani, na mnunuzi wa Mombasa akalipa mara kadhaa ya hicho. La pili ni sarafu. Shilingi ya Tanzania ilikuwa na thamani ya kiserikali iliyopishana mno na ile ya mitaani, khasa baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta. Kwa hiyo hata hicho kidogo alicholipwa mkulima hakikununua bidhaa, kwani bidhaa hazikuwepo. Shilingi ya Kenya ilinunua. Aliyevusha gunia alikuwa anafanya kile afanyacho mkurugenzi wa kampuni anayeandika bei ndogo kwenye ankara ya mauzo ili tofauti ibaki kwenye akaunti yake ya ng'ambo. Wanachotofautiana ni chombo cha usafiri na wakili wa siku ya kesi.

Ushahidi mzuri zaidi ni kile kilichotokea kanuni zilipobadilika. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako mkali wa wahujumu uchumi. Mwaka uliofuata serikali ya Muungano ikageuza njia: yeyote mwenye fedha za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Zanzibar, chini ya Ali Hassan Mwinyi, nayo ikafungua milango ya biashara. Bidhaa zikafurika. Nchi iliyoambiwa haina dola ilikuwa nazo. Zilikuwa zimefichwa Mombasa, Dubai na London, chini ya magodoro na kwenye akaunti za ndugu. Mwaka 1984 masoko ya dunia yalikuwa bado na hofu: madeni ya nchi changa yalikuwa yanaitikisa Amerika ya Kilatini. Kilichobadilika ni adhabu ya kuwa na dola, na wenyeji wakarudisha.

Bahati mbaya karafuu ilikuwa tayari inaelekea shimoni. Indonesia ilikuwa imepanda mikarafuu yake kwa wingi, na ilipoanza kujitosheleza, mnunuzi mkuu wa Zanzibar akatoweka. Katika miaka ya 1990 tani iliyowahi kuuzwa dola 9,000 ilikuwa haifiki 1,000.

Bei kabla ya bunduki

Mwaka 2011 serikali ya Rais wa Zanzibar, Dk. Ali Mohamed Shein, ilifanya jambo ambalo lingefaa kufanywa miongo mitatu nyuma. Ilitangaza kwamba mkulima apate asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje, na bei ya kilo ikapandishwa zaidi ya mara dufu. Doria ziliendelea, lakini gunia lililokuwa likielekea mikokoni lilianza kwenda kituoni. Pale mkulima humwaga karafuu yake, ikakaguliwa kama imekauka na kama haina makonyo (vikonyo vyake), ikapangiwa daraja, ikapimwa, akalipwa. Makonyo nayo yana soko lake, kiwanda cha mafuta cha Wawi.

Wanaosema uzalendo uliongezeka mwaka ule wanajidanganya. Ukiondoa gharama ya mashua, mabaharia, rushwa na hatari ya kukamatwa, faida ya kuvusha ilikuwa imepungua mno. Penye mwanya mdogo hapapiti jahazi.

Hata hivyo asilimia 80 ni ahadi rahisi kuitamka na ngumu kuitimiza. Bei ya dunia hupanda na kushuka, ilhali bei ya kituoni hutangazwa na kukaa. Dunia ikipanda, pengo hufunguka upya na mashua hurudi kazini. Dunia ikishuka, shirika hununua kwa hasara, na hasara hiyo hulipwa na bajeti. Bei isiyobadilika ni bima kwa mkulima, na bima huhitaji mfuko unaojazwa miaka ya neema. Miaka ya 1970 akiba ilikuwepo, ila haikuwa bima ya mkulima wala haikuhojiwa na yeyote. Inayohitajika leo ni ile ambayo hesabu zake zinasomwa katika Baraza la Wawakilishi na kuulizwa maswali.

Siasa nayo hukata mkondo

Kuna mtaji mwingine unaokuja kwa mkupuo na kukatika kwa mkupuo, nao ni misaada. Umeme wa Pemba unatoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari, uliokamilika mwaka 2010 kwa fedha nyingi za Norway. Barabara kadhaa za vijijini kisiwani zilijengwa kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani (MCC), katika mkataba wa awali wa dola milioni 698. Ni fedha zilizoonekana kwa macho.

Lakini wahisani kadhaa waliwahi kuisitishia Zanzibar misaada baada ya mvutano wa uchaguzi wa 1995. Machi 2016, baada ya uchaguzi wa marudio Zanzibar, bodi ya MCC ilisimamisha mkataba wa pili wa dola milioni 472. Sababu nyingine iliyotajwa ni namna Sheria ya Makosa ya Mtandao ilivyotumika. Mwaka huo masoko ya fedha ya dunia yalikuwa yakipata nafuu. Sababu ilikuwa yetu wenyewe.

Januari 2001, baada ya maandamano kuzimwa kwa risasi Pemba, watu zaidi ya 2,000 walivuka kwenda Kenya, wengi wakishukia Shimoni, bandari ileile ya karafuu ya magendo. Mtu anapokimbia huuza ng'ombe kwa bei ya kutupa na kuacha shamba bila mchumaji. Akiba hutangulia au humfuata. Maridhiano ya 2010 na serikali ya umoja wa kitaifa iliyotokana nayo yalikuwa, pamoja na mengine, sera ya uchumi. Kila yanapolegalega, mwenye fedha huhesabu upya, awe yuko Washington au Muscat.

Dola ya 2023

Tuje kwenye wimbi la karibuni. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023 Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu na sifuri hadi zaidi ya asilimia 5. Dola zikarudi kwao, kama wanadharia wa kusukumwa walivyotabiri, na nchi nyingi za Afrika zikafungiwa soko la hatifungani. Kenya ilikuwa na deni la dola bilioni 2 la hatifungani ya 2014 lililotakiwa kulipwa Juni 2024. Shilingi yake ikasukumwa hadi karibu 160 kwa dola. Februari 2024 ikakopa dola bilioni 1.5 upya kwa gharama ya zaidi ya asilimia 9, hofu ikaondoka, na wageni walewale waliokimbia wakarudi kununua hatifungani za ndani zilizolipa zaidi ya asilimia 18. Ndani ya wiki chache shilingi ya Kenya ikapanda hadi karibu 130. Shule, bandari na mashamba ya Kenya yalikuwa yaleyale mwezi Januari na mwezi Machi.

Tanzania ilipata homa hiyohiyo kwa dalili tofauti. Mlango wetu wa mitaji umefunguliwa nusu: Sheria ya Fedha za Kigeni ya 1992 iliruhusu maduka ya kubadilisha fedha, na mwaka 2014 wakazi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakaruhusiwa kununua hatifungani za serikali kwa mipaka maalumu. Wageni wa kukimbia na hatifungani zetu ni wachache, kwa hiyo hatukuona mporomoko wa siku moja. Tulichokiona ni uhaba. Dola zilikuwepo kwenye ubao kwa bei iliyoandikwa, na hazikuwepo dirishani. Aliyeagiza mchele au saruji alilipa zaidi ya ubao, au akasubiri. Mwenye dola, awe hoteli au muuza dhahabu, alizishikilia akingoja zipande. Ni utoroshaji usiovuka mpaka wowote, na chanzo chake ni pengo lilelile la magunia ya Shimoni.

Mwaka 2024 shilingi ilipita 2,700 kwa dola, kisha ikajirudi hadi kuzunguka 2,400 kufikia Desemba. Yalisaidia mauzo ya msimu, dhahabu na watalii. Ilisaidia pia Marekani kuanza kupunguza riba Septemba. Machi 2025 serikali ikapiga marufuku kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Marufuku hiyo ina mantiki, kwani nchi inayolipana kodi ya nyumba kwa dola hujitengenezea yenyewe kiu ya dola. Lakini misako ya maduka ya kubadilisha fedha ya Arusha mwaka 2018 na Dar es Salaam mwaka 2019 inatukumbusha kwamba askari wanaweza kufunga dirisha bila kufunga pengo. Biashara huhamia kwenye simu.

Pesa isiyokimbia

Pemba ina chanzo kimoja cha fedha za kigeni ambacho hakifuati riba ya Marekani wala bei ya kretek. Ni watoto wake walioko Oman, Dubai, Uingereza na Kanada. Mwekezaji wa hatifungani huondoka hali ikiharibika, ilhali ndugu hutuma zaidi: mama akiumwa, paa likivuja, skuli zikifunguliwa. Fedha hizo huwa ndogo ndogo, lakini hazisiti zote siku moja.

Nyingi hupita kwa hawala. Mtumaji humkabidhi mwenye duka Muscat au Dubai riale au dirham, simu hupigwa, na jamaa yake Wete au Chake hupokea shilingi siku hiyohiyo. Wanaoilaumu hawala kwa kuukwepa mfumo rasmi waulize kwanza mtumaji anakatwa kiasi gani benki, na anapewa shilingi ngapi kwa dola. Dola ya ubaoni ikiwa 2,500 na ya mtaani 2,650, hakuna hotuba itakayompeleka benki. Kwa hiyo dola hubaki Dubai kulipia bidhaa za mfanyabiashara wa huku, na Benki Kuu haizioni.

Kifanyike nini

Hatuna uwezo juu ya riba ya Marekani, juu ya viwanda vya kretek, wala juu ya hofu ya wawekezaji wa London. Yaliyo mikononi mwetu ni machache, lakini ndiyo yenye uzito.

La kwanza ni kutangaza hesabu pamoja na bei. Kila msimu ZSTC iweke wazi imeuza kwa dola ngapi, imetumia kiwango gani cha kubadilishia, na asilimia ya mkulima imepatikanaje. Mkulima anayejua hesabu huvumilia hata bei ikishuka.

La pili ni mfuko wa bima ya bei ulio tofauti na bajeti ya kawaida, unaojazwa kwa kanuni iliyoandikwa, usioweza kugeuzwa majengo kabla ya uchaguzi.

La tatu ni kuwapa ndugu zetu wa ng'ambo pa kuweka akiba. Sukuk iliyozinduliwa na Zanzibar mwaka 2025 inafungua njia kwa watu wasiotaka riba, ila watu wataiamini kwa kulipwa kwa wakati, na kwa kuona fedha zao zimejenga kitu fulani Mkoani au Wete.

La nne ni kuacha kudhani kwamba misamaha ya kodi huvuta mtaji. Eneo huru la uchumi la Micheweni lilitangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwa miaka mingi likabaki na uwekezaji haba huku Fumba, iliyo jirani na mji wa Unguja, ikijengwa. Sheria ya motisha ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa bandari, umeme, ndege, na umbali wa afisa mwenye mamlaka ya kusaini.

Wapo watakaosema nchi ndogo haina budi kufunga mlango kabisa. Tulishaufunga, kwa adhabu kali kuliko zote, na magunia yakavuka. Wapo watakaosema tuufungue wote. Watazame Jakarta ya 1998 na Nairobi ya Januari 2024. Mlango wa nusu unafaa kwa nchi kama yetu, mradi bei iliyo ndani isitofautiane sana na ya nje. La sivyo tunakuwa tumewafungia waaminifu peke yao.

Siku itafika mavuno ya Indonesia yaharibike na bei ya karafuu ipae tena. Hapo waziri asianze kwa kuuliza idadi ya mashua za doria. Achukue bei ya kilo ya Chake Chake na ya Mombasa, atoe gharama ya safari ya usiku na hatari yake, aone kilichobaki. Kikiwa kikubwa, karafuu itavuka, na aliyeivusha atakuwa amejibu tangazo la bei lililosainiwa ofisini.